Kufanana kwa hadithi sio ushahidi wa wizi

Ndugu Mhariri,

Mugonile hapo ofisini. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, niko Uyole hapa Mbeya, nina duka la steshenari, natoa kopi, nachapa barua na kazi za wanafunzi, nalaminisha vyeti, na wateja wakipungua nasoma gazeti lenu kuanzia ukurasa wa mbele mpaka matangazo ya vifo. Siandikagi barua mimi. Ila hizi barua mbili mlizotoa mwezi huu kuhusu hadithi zetu za asili zimenikaa rohoni, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekosea.

Wa kwanza alisema hadithi za wazee wetu, za nyoka na kifo, za mtu kuumbwa kwa udongo, za maji kuifunika dunia, sio za zamani kama tunavyodhani, ni Biblia tu ya wamisionari, wazee waliisikia wakaigeuza geuza. Wiki iliyofuata akajibiwa na mwingine kwa hasira kwamba ni kinyume chake, sisi ndo tulikuwa nazo, wao wakaja wakabeba wakaandika wakasema ni za kwao. Nimesoma zote mbili mara tatu tatu. Wanagombana lakini wanakula sahani moja, maana kila mmoja anaamini hadithi mbili zikifanana basi lazima mmoja kamuibia mwenzie. Hapo ndo mi nakataa.

Na nina sababu ya kuumia. Mwanangu wa kwanza akiwa darasa la sita walipewa kazi ya kuandika hadithi waliyosimuliwa na wazee nyumbani, akaandika ya bibi yake wa Sumbawanga, ya nyoka. Daftari likarudi na sifuri na maneno ya wino mwekundu, "umenakili Mwanzo sura ya 3". Shule siitaji, na mwalimu yule huenda alikuwa na madaftari mia mbele yake na usiku umeshaingia. Ila yule mtoto hakunakili kitu, mi nilikuwepo siku anasimuliwa. Sasa ana miaka 24, na mpaka leo ukianza habari za hadithi za wazee anakwambia mama hizo zote zimetoka kwenye Biblia.

Ngoja nieleze ilivyokuwa. Mume wangu ni Mfipa, mi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Tulikuwa msibani kwao, mwezi wa saba, baridi ya Ufipa mnaijua, wengine wako ndani kwenye mikeka, sisi tumezunguka moto nje, usiku wa pili wa matanga. Bibi mzaa baba wa mume wangu, ambaye mi alikuwa ananiita mke mwenzangu, alikuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani. Mtoto akamuuliza, bibi kwa nini watu wanakufa? Watu wazima wakataka kumnyamazisha, bibi akasema mwacheni. Akasema, Leza, yaani Mungu, alishuka siku moja kwa viumbe wake wote, akauliza, nani hataki kufa? Watu walikuwa wamelala. Ng'ombe wamelala, mbuzi wamelala, kila kitu kimelala. Nyoka peke yake alikuwa macho, akajibu, mimi. Ndo maana nyoka kila mwaka anavua ngozi anakuwa mpya, na sisi tuko hapa tunalia. Alafu akasogeza kuni motoni akamwambia mtoto, basi leo usilale, kaa hapa ukeshe na sisi.

Ndo hivyo, haikuchukua hata dakika tano. Sasa niambieni, Eva yuko wapi hapo? Tunda liko wapi, dhambi iko wapi? Kwenye Mwanzo mtu anakufa kwa sababu alikatazwa akakosa. Kwa bibi mtu hakukosa kitu chochote, alikuwa amelala tu kama sisi wote tunavyolala. Nyoka wa Mwanzo ni mdanganyifu, nyoka wa bibi hakumdanganya mtu, aliulizwa akajibu. Kinachofanana ni kwamba kuna nyoka na kuna kifo, na kwa hicho tu mtoto kapewa sifuri. Baadaye sana nilikuja kugundua kwenye intaneti kwamba hadithi hii ya Wafipa na majirani zao Wabende iliandikwa na wazungu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na inakwenda karibu sawa kabisa na ya bibi, ambaye kusoma hakujua.

Na kama ni nyoka na kifo tu, basi orodha ni ndefu. Kuna Gilgamesh, mfalme wa Uruk, huko ambako leo ni Iraki, hadithi yake iliandikwa kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 3000 iliyopita. Rafiki yake kafa, naye akaanza kukiogopa kifo, akazunguka dunia kutafuta dawa, mwisho akajifunga mawe miguuni akazama chini ya maji akaung'oa mmea unaomrudishia mzee ujana. Njiani kurudi akaona bwawa la maji baridi akaingia kuoga. Nyoka akasikia harufu ya ule mmea, akaula, na wakati anaondoka akavua gamba. Alafu nenda mbali zaidi, nenda visiwa vya Vanuatu kule kwenye bahari ya Pasifiki, wazee wao walisimulia kwamba zamani watu walikuwa wanavua ngozi. Mama mmoja alikwenda mtoni akavua ngozi yake kuukuu akaitupa, ikanasa kwenye kijiti, akarudi nyumbani msichana. Mtoto wake akamkataa, akalia kwamba huyu sio mama yangu. Yule mama akarudi mtoni akaitafuta ile ngozi akaivaa tena, ili mtoto anyamaze, na tangu hapo watu wanakufa. Hii nikiisoma huwa nashindwa kuendelea na kazi kwa muda.

Meli gani ilitoka Vanuatu ikafika Sumbawanga? Hakuna. Mimi jibu nililipata stoo kwangu nilipokuwa nahamisha magunia ya mahindi, nikaokota gamba la nyoka nyuma ya gunia la mwisho. Kama mtu hajawahi kulishika basi alishike siku moja. Ni jepesi kama karatasi ya pipi, limetoka zima kama soksi uliyoivua ukaigeuza, kila kigamba kinaonekana, na hata pale kwenye macho pana vidude viwili vyeupe kama vioo vya miwani. Yaani nyoka mzima yupo pale na hayupo. Ukilishika hilo huhitaji mmisionari akwambie kitu. Kila mahali ambapo watu wanaishi na nyoka mtu ataokota gamba, na kila mahali mtu atazika mtu wake, na usiku wa matanga akiwa hana usingizi hivyo viwili vitakutana kichwani mwake, awe Mfipa, awe mtu wa Uruk.

Sasa mtu atauliza, tutajuaje basi kama hadithi imesafiri au imeota yenyewe hapo hapo? Hapa kazi yangu ndo imenifundisha. Wanafunzi wa vyuo wananiletea kazi nichape, darasa moja swali moja. Wawili wakiandika kwamba Mkwawa alikufa 1898 hainiambii kitu, ndo jibu lenyewe, kila mtu anaweza kulifikia kivyake. Ila wawili wakiandika wote 1889, na wote wawili wakaruka namba 4 kwenye maelezo wakatoka 3 kwenda 5, hapo najua mmoja aliazima daftari la mwenzie. Kwenye hadithi ni hivyo hivyo, usiangalie lile jambo kubwa, kifo, maji, moto, maana hilo liko kwa watu wote. Angalia kale kadude kadogo ambako hadithi ingeweza kwenda vizuri tu bila hako.

Chukua gharika. Watu wengi wanaoishi karibu na mito wana hadithi ya gharika na sio ajabu, waulizeni ndugu zetu wa Kyela mwezi wa nne mto Songwe na Kiwira ikijaa mpunga ukazama, mtu aliyezaliwa pale hahitaji kusimuliwa maji ni nini. Wachina wana ya shujaa wao Yu, lakini humo hakuna safina wala wanyama wawili wawili, Yu anachimba mifereji miaka na miaka mpaka maji yanapata pa kwenda, ni hadithi ya kazi ile. Ila sasa chukua ya Nuhu na ile iliyomo ndani ya vibao vya Gilgamesh, ambayo mwingereza George Smith aliisoma kwenye vibao vya jumba la makumbusho la London mwaka 1872 watu wakashangaa. Mtu anaonywa, anatengeneza chombo, anaingiza wanyama, chombo kinakwama mlimani, sawa, alafu anatoa ndege. Nuhu anatoa kunguru na njiwa. Yule wa Mesopotamia, ndo huko Iraki ya leo, anayeitwa Utnapishtim, anatoa njiwa, mbayuwayu na kunguru. Wale ndege ndo namba 4 iliyorukwa. Mtu angeweza kuchungulia dirishani tu akaona maji yamepungua. Hizo mbili zina undugu wa kweli, ama moja ilimsikia mwenzie ama zote zina mzazi mmoja, na mi kama mkristo hainipunguzii kitu kusema hivyo, Ibrahimu mwenyewe Biblia inasema alitoka Uru kule kule.

Na sisi waswahili tumeazima, tena vizuri sana, hakuna aibu. Ile ya kima na papa wa baharini mnaikumbuka, kima yuko juu ya mkuyu, papa anambeba mgongoni, katikati ya maji anamwambia sultani wetu anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima, kima anasema mbona hukuniambia mapema, sisi mioyo yetu tunaiacha juu ya mti, nirudishe nikauchukue. Moyo kuachwa juu ya mti! Hicho sio kitu ambacho watu wawili wanakiwaza kila mmoja kivyake. Kule India hadithi hiyo iko kwenye kitabu cha kale cha Panchatantra, kima na mamba, ikatafsiriwa Kiajemi karne ya 6, ikaingia Kiarabu karne ya 8 kama Kalila wa Dimna, ikashuka na majahazi mpaka pwani yetu, na Unguja ilikuwa inasimuliwa kiasi kwamba ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1870. Kwetu mamba akageuka papa kwa sababu msimulizi alikuwa anaitazama bahari. Kwa hiyo hadithi inasafiri, tena ikifika inavaa nguo za mahali.

Njia nyingine ambayo wale ndugu wawili hawakuigusa kabisa ni ya kurithi. Nilipokuwa mdogo Rungwe tulikuwa tunamuogopa kinyonga kuliko nyoka, tukimkuta kwenye michai tunatupa vikapu tunakimbia, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Ukubwani ndo nikasoma ya Wazulu, kwamba Mungu alimtuma kinyonga akawaambie watu hawatakufa, kinyonga akaenda taratibu anasimama kula matunda ya porini, nyuma yake akatumwa mjusi na habari kwamba watakufa, na mjusi ndo akafika kwanza. Simulizi za namna hii, za kinyonga aliyechelewa na uzima, zimetapakaa kwa Wabantu sehemu nyingi sana. Nani kamuibia nani hapo? Ni kama neno mtu. Wazulu wanasema umuntu, sisi Wanyakyusa umundu, Wahehe munu, na sijasikia Mhehe anaambiwa ameiba neno munu kutoka kwa Mzulu. Wataalamu wa lugha wanasema mababu wa Wabantu walianza kutawanyika kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni kama miaka 4000 hadi 5000 iliyopita, na mtu akihama habebi jembe na mbegu tu. Alafu watu hawakuacha kuhama, Wangoni walitoka Afrika Kusini, wakavuka Zambezi 1835, wakapita mpaka Ufipa alikofia Zwangendaba, wengine wakaja kukaa Songea, kwa hiyo ya kinyonga ukiisikia Songea leo inaweza kuwa imefika pale mara mbili kwa njia mbili, na kuzitenganisha sio kazi ya barua ya gazetini.

Kuhusu mtu kuumbwa kwa udongo nataka niseme nilichokiona. Mwaka juzi nilishuka Matema nikafika mpaka Ikombe kwa Wakisi kununua vyungu. Nikakaa karibu nusu siku namtazama mama mmoja. Hana gurudumu la kufinyangia, ana bonge la udongo mbele yake na mikono yake, anazungusha pole pole kwa mkono huu na mkono ule uko ndani unasukuma ukuta wa chungu utoke nje, analowesha vidole, anarudia. Mara tumbo likatokea. Mara shingo. Mwisho akachukua kitambaa cha maji akakizungusha juu kabisa, mdomo ukatoka. Nikashtukia ninavyosema mwenyewe, tumbo la chungu, shingo ya mtungi, mdomo. Lugha yetu imeshamfanya chungu mtu, kumfanya mtu chungu imebaki hatua moja tu. Wamisri wa kale walisema mungu wao Khnum aliwafinyanga watu kwenye gurudumu lake, Wachina walisema mungu wa kike Nüwa aliwafinyanga kwa udongo wa njano, Wayoruba wa Nigeria wanamtaja mungu wao Obatala, na Mwanzo inasema mavumbi ya ardhi. Popote palipo na mfinyanzi kuna mtu alikaa pembeni kama mi nilivyokaa.

Kuna moja inanisumbua nami sitaificha. Kilimia, zile nyota zilizokusanyika pamoja. Wahenga wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na hata huku kwetu mwezi wa 11 mvua zikianza kinaonekana mashariki jioni. Kwetu ni nyota za kulima, jina lenyewe linasema. Sasa Wagiriki wa kale waliziita dada saba wanaofukuzwa na mwindaji Orion. Wenyeji wa asili wa Australia, ambao hawakuwa na habari na Wagiriki, nao wanasema ni dada saba wanaofukuzwa na mwanaume. Na watu wengi wakitazama kwa macho wanaona sita, na kule kote wana hadithi ya kwa nini mmoja hayupo. Huyo dada aliyepotea kwa kipimo changu cha steshenari ni kosa lile lile kwenye madaftari mawili! Wako wataalamu wa nyota wa Australia waliotoa hoja kwamba hadithi hii ina miaka 100,000, toka watu wote tulipokuwa bado Afrika, maana wakati ule nyota ya saba ilikuwa haijasogeleana na jirani yake ikaonekana wazi. Wenzao wengine wanapinga. Mi hoja hiyo sijaimeza yote, kwa sababu kama ilitoka Afrika mbona sisi tuliobaki tunazungumza jembe badala ya dada? Lakini nimetoka nje usiku mara nyingi nikazihesabu, napata sita.

Alafu kuna kufanana kwa hadithi kwa sababu zinafanya kazi moja, na hili naomba wasomaji walifikirie. Sisi Wanyakyusa tunaambiwa machifu walishuka kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto na ng'ombe, na watu waliowakuta walikuwa wanakula vyakula vibichi. Wagiriki nao walikuwa na Prometheus aliyeuiba moto kwa Zeus, mkuu wa miungu yao, akawapa watu. Moto ni ule ule ila Prometheus anateswa kwa kuuleta, machifu wetu wanatawala kwa kuuleta. Wahehe wanasema ukoo wa Muyinga, alikotoka Mkwawa, ulianza na mwindaji mgeni aliyezaa na binti wa chifu wa hapo. Wasambaa wana Mbega, mwindaji mgeni aliyegawa nyama mpaka watu wakampa utawala. Waluba kule Kongo nao wana mwindaji aliyetoka mashariki. Mtawala anayetoka nje anahitaji kueleza kwa nini wenyeji wamtii, na nyama na moto vinaeleza vizuri. Ukisikia hadithi hizo usiulize tu imetoka wapi, uliza pia ilikuwa inasimuliwa mbele ya nani na nani ananyamaza.

Simkatai moja kwa moja yule wa barua ya kwanza. Wamisionari wamekuwa Rungwe toka 1891, watoto wa vizazi vinne vitano wamesoma Biblia, jina Kyala leo ndo jina la Mungu kwenye Biblia ya Kinyakyusa, kwa hiyo mzee akikusimulia leo inawezekana kabisa maneno ya kanisani yameingia humo bila yeye kujua. Lakini hilo linathibitishwa kwa hadithi moja moja, kwa kuiweka mezani na kuitazama, sio kwa kuzifuta zote kwa wino mwekundu. Na yule wa pili naye namuomba aoneshe ni hadithi gani ilichukuliwa, lini, na kadude gani kadogo kanaonesha hivyo. Hasira nazielewa, hazitoshi.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Mtupe nusu ukurasa kwa wiki, watu walete hadithi za kwao kama walivyozisikia, waseme ni kijiji gani, ni lugha gani ilisimuliwa, nani alikuwa anasimulia bila kumtaja jina kama hataki, alikuwa na umri gani, na ilikuwa wakati gani, mavunoni au msibani. Na msizinyooshe. Mtu akisema kwao alikuwa mjusi na mwingine akasema kenge, ziacheni zote mbili, humo humo kwenye tofauti ndo tutajua ipi ni ndugu ya ipi.

Mi naanza na hii ya bibi, ambaye alifariki miaka sita iliyopita na nilikesha. Kama kuna Mfipa wa Nkasi au Kalambo, au Mbende wa kule Mpanda, anayeisimulia kwa namna nyingine, naomba aandike, hasa hapo kwenye watu waliolala. Bibi hakusema kama Leza aliuliza mara moja tu au alirudia, nami usiku ule sikumuuliza.

Ndaga fijo.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya